Chombo Kilichokaa Eda

Baba alipofariki, chombo chake kilikaa eda pamoja na mama. Hakuna aliyeamuru hivyo. Mama alijifungia ndani, akavua vikuku, akaacha manukato na mafuta ya nywele kama ilivyo desturi. Mabaharia wa baba nao, kwa heshima tu, wakaona haifai chombo cha marehemu kung'aa ufukweni na mjane wake amekaa bila pambo. Wakakivuta juu ya mchanga, wakakiacha bila kukipaka mafuta. Hayo yalitokea Bagamoyo, kabla Wajerumani hawajaja kupandisha bendera yao, nami nilikuwa msichana wa kutumwa dukani.

Siku hizo upande wetu wa mji ulinuka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Yalichemshwa nyuma ya nyumba mpaka nguo, mikeka na hata wali vikashika harufu. Mbao za vyombo zilipakwa mafuta hayo mara kwa mara ili jua na chumvi visizikaushe. Chombo chetu kilikuwa cha mbao za msaji, na mikononi mwa baba kilikuwa na rangi ya tende mbivu. Eda ilipokwisha kilikuwa kimepauka kama jivu la jikoni. Ukikipapasa, kiganja kinatoka na vumbi. Baba mdogo Shomari alikwisha kuamua: kivunjwe, mbao zijengee banda lake. Lakini chombo hicho ndicho kilichotulisha, na mama hakuwa na shamba wala ndugu wa kumkimbilia.

Mama alioga, akajipaka mafuta, akajitanda, akatoka. Alipokifikia alimgeukia Mabruki, mkuu wa mabaharia.

"Mabruki, aliyekufa ni mume wangu au mume wa chombo?"

"Bibi, tulikustahi."

"Mimi mlinistahi. Hiki mmekiua."

Baba mdogo, aliyesimama kando, akacheka. "Basi tukizike, shemeji. Shoka ninalo."

"Lingoje, shemeji. Tukipake kwanza. Kikinywa bila kushiba, vunja."

Kila mtu pwani alielewa maneno hayo. Ubao mzima hunywa mafuta ukashiba, yakabaki juu yaking'aa. Uliokufa hunywa tu.

Tulikisugua kwa ngozi kavu ya samaki taa, yenye vipele vikali kuliko jani la msasa. Vumbi lile likatoka kama unga, likatujaa kwenye kope. Kisha tukapaka sifa kwa matambara. Mbao zilinywa, na jua lilipopanda zikarudi kuwa kijivu vilevile. Tukapaka tena, zikanywa tena. Baba mdogo alikaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, shoka katikati ya miguu. "Mleteeni na uji," akasema, "mgonjwa ana njaa huyo." Mabaharia wakacheka wakiinamisha vichwa. Mama hakucheka, wala hakuacha kupaka.

Asubuhi ya pili nilikuwa wa kwanza kukiona, na nikasahau kuwaita wengine. Ubavu mzima ulikuwa umegeuka. Mishipa ya mti, ambayo sikujua kama ipo, ilitiririka kutoka omo hadi nyuma kama mto uliosimama, myekundu hapa, myeusi kule. Nilisogea, nikaona kivuli cha uso wangu ndani ya mti. Sijawahi tena kusimama mbele ya kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu nikaogopa kukigusa.

Ubao mmoja tu, karibu na usukani, ulibaki mkavu. Baba mdogo aliupapasa, akatazama ubavu wote, akatazama mikono ya mama iliyochubuka. Kisha akalitia shoka begani, akaenda zake bila kuaga. Chombo kikarudi baharini, kikatulisha mpaka mimi na dada yangu tukaolewa. Ubao ule mama aliupaka mwenyewe kila msimu, na kila mara uliyanywa mafuta yote. Fundi mmoja alisema utolewe, mwingine akasema usiguswe.

Siku hizi vyombo hupakwa rangi ya makopo kutoka dukani. Mpwa wangu amekipaka hicho chetu kijani, nacho kinang'aa pote bila kazi kubwa wala harufu. Juzi nilikwenda nikapapasa karibu na usukani, na vidole vyangu havikupata tofauti yoyote. Kama chini ya rangi ile ubao umeshiba au bado unakunywa, sijui, na mpwa wangu hataki ukwanguliwe.