Fisi wa Faudhia

Faudhia tunapanga naye nyumba moja hapa Levolosi. Ni mjane, anauza vitumbua. Mashairi alifundishwa na marehemu baba yake, mtu wa Pangani; mpaka leo huhesabu mizani kwa vidole huku vitumbua vinaiva.

Masika haya mfuniko wa shimo la choo pale uani ulibomoka. Baba mwenye nyumba, Mzee Twahir, akaweka bati juu, basi. Siku moja Kauthar, mjukuu wa Faudhia, akalikanyaga, likazama. Tulimdaka kwa gauni. Kumlalamikia mzee tuliogopa. Mpangaji aliyethubutu kabla yetu alitolewa vyombo nje.

Faudhia akatunga shairi, akalituma redioni. Humo mzee akawa fisi, shimo likawa mdomo, na kibwagizo kikasema:

"Fisi hafungi mdomo, wana wetu watamezwa."

Lakini baba yake alimfundisha kwamba shairi halifungwi bila mtunzi kujitaja. Ubeti wa mwisho ukatoka hivi: "Ni Faudhia natuma, Levolosi ndiko kwetu."

Ijumaa baada ya swala tukalisikia, ua mzima. Na redio ya dukani kwa mzee huwa wazi kutwa. Mtangazaji hakuishia kusoma, akachambua: "Fisi ni sitiari ya mwenye nyumba. Mdomo ni shimo lisilofunikwa."

Faudhia akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi kama maji ya mto Themi.

"Dada Mwanamkuu, nimejimaliza. Nitalala wapi na huyu mtoto?"

"Akiuliza, sema fisi ni fisi tu."

"Na Mungu nimwambie nini?"

Jioni lango likagongwa. Mzee Twahir, fimbo mkononi. Milango ya uani ikafungwa mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee," Faudhia akaamkia.

Hakuitikia. "Fisi ni nani?"

Faudhia akavuta ushungi wake. "Ni wewe, mzee."

"Lisome. Hapa, mbele yangu."

Akasoma. Kufika kwenye kibwagizo, sauti ikamkauka. Nikamalizia mimi: "...wana wetu watamezwa." Ubeti wa pili, mlango mmoja ukafunguka, sauti nyingine ikapokea. Ubeti wa mwisho ua mzima ulikuwa unaitikia, kila mama amemkumbatia mwanawe.

Mzee akalitazama lile bati. Akageuka, akaondoka.

Jumatatu akaja fundi na zege. Shimo limefunikwa, alhamdulillahi. Lakini mzee hajasema kaa wala toka, na lango likigongwa, Faudhia bado huacha vitumbua vikaungua.