Mwisho wa Afrika Ulikuwa kwa Jirani

Siku tulipofika mwisho wa Afrika tulikuwa watu sita: nyanya na mkongojo wake, mwalimu aliyepanga chumba pale njia panda, jirani yetu mwuza ndizi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa kike aliyekuwa na miaka mitano, na mimi. Ng'ombe wa jirani alikuwepo pia, amefungwa kwenye mgomba, lakini huyo simhesabu, ingawa siku ile alikuwa na adabu kuliko mimi.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu mwezi uliopita kitinda mimba huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi ya ofisi mjini Kisii, alinipigia simu kutoka Afrika Kusini alikotumwa na kazi yake. Upepo ulikuwa unamnyang'anya maneno mdomoni. "Kaka, niko kule mwisho," akasema. "Kule kwenyewe! Baridi yake ni kama ya Ekerenyo mwezi wa saba." Tukacheka wote wawili. Alipokata simu nilibaki nimesimama katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, nikashindwa kuchuma hata jani moja.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, jinsi watoto watatu wa Ekerenyo walivyovuka bara zima bila nauli.

Baba alitangulia, na mama akamfuata mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikachukua kikapu cha mama cha chai, kamba yake ikiwa bado imefungwa kwa urefu wa mgongo wake. Nyanya alikuwa nasi, lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Basi siku sita nilichuma, nikapalilia, nikapika, nikamkimbiza mdogo wangu shuleni. Siku ya saba ilikuwa Sabato, na nyanya hakuwa na mzaha na Sabato. Chakula kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua: ugali wa wimbi, maharage, mboga chungu iliyotiwa maziwa. Jumamosi tulitoka kanisani, tukala vikiwa baridi, na baada ya hapo mkono haukuruhusiwa kugusa jembe wala kuni. Kutembea tu ndiko kulikoruhusiwa.

Mchana wa Sabato ni mrefu sana kwa watoto waliofiwa. Siku za kazi huzuni huchoka pamoja nawe. Siku ya kupumzika, huzuni huja ikakaa kando yako.

Hapo ndipo nilipoanzisha safari. Mwalimu alikuwa amenipa ramani ya Afrika iliyochanika kutoka kwenye kitabu kikuukuu, akisema, "Umeacha darasa, usiache kusoma." Niliibandika ukutani kwa uji. Kila Sabato tulisafiri nchi moja au mbili. Chemchemi ya juu ilikuwa Misri. Tanuri la matofali, pale palipokuwa na vumbi jekundu lisiloota kitu, palikuwa jangwa la Sahara, nasi tulilivuka tumejifunga sweta vichwani, tumekatazana kunywa maji mpaka upande wa pili. Bonde la mafunjo lilikuwa Sudani. Mikaratusi ya kanisa ilikuwa msitu wa Kongo, na ndani yake tulitembea kwa kunong'ona kwa sababu ya chui. Mashamba ya chai yaliyobanana pale kilimani yalikuwa zile nchi ndogo za magharibi. Ukipiga chafya uko moja, ukimaliza uko nyingine.

Mdogo wangu alikuwa ofisa wa kila mpaka. Alikaa juu ya jiwe, amenuna.

"Pasipoti!"

Nilimpa jani.

"Hii ni ya mbuzi. Rudi ulikotoka."

"Mheshimiwa, nimetoka mbali, nina mtoto."

"Mtoto apite. Wewe unafanana na mwizi wa kuku."

Akishatosheka alitugonga muhuri kwa utomvu wa mgomba, kiganjani. Kama umekulia huku unajua utomvu huo: ukiushika hauonekani, ukikauka haukuachi. Nyanya alilalamika kwamba mashati yetu ya kanisani yana madoa kama ngozi ya fisi, lakini alipokuja kutulaza aliuliza, "Leo mmefika wapi?"

Sasa kuna jambo ambalo sikuliona mapema. Mama alipozikwa, nyanya alimpeleka kitinda mimba kwa shangazi, kule Keumbu, asije akaona. Aliporudi aliambiwa mama amesafiri. Na lile tuta jipya kando ya nyumba? Tuta la viazi, tukamwambia, bado halijapandwa. Sote tulisema hivyo. Tuliona ni huruma.

Kwa hiyo wakati sisi wawili tulipokuwa tukicheza, yeye alikuwa akisafiri. Kila mpaka, akishagongwa muhuri, alimsogelea ofisa na kumuuliza polepole kama mama amepita. Mdogo wangu alidhani ni sehemu ya mchezo. "Amepita jana," alijibu, akijikuna kidevu kama mzee. "Alikuwa na leso ya kijani. Ameelekea kusini."

Nilikuja kujua nilipofua sweta yake. Mifukoni mlikuwa na vipande vya ugali wa wimbi, vikavu kama kokoto. Nikamuuliza ni vya nini. "Vya mama," akasema. "Atakuwa na njaa. Amekwenda nchi nyingi."

Ungekuwa wewe, labda ungemketisha pale pale ukamwambia. Mimi nilianika sweta, na Sabato iliyofuata nikaongeza nchi. Tulipokaribia kusini niligeuza safari, nikasema lazima twende Madagaska. Kutoka Madagaska nikagundua visiwa ambavyo hata kwenye ramani havipo. Nilikuwa mtu wa kubeba kilo nyingi za chai kupanda kile kilima bila kupumzika, lakini sentensi moja ilinishinda kuibeba. Mtoto akaanza kukonda. Ugali alioutunza ulikuwa ni ule ambao hakuula.

Mahindi yalipovunwa, visiwa vikaniishia. Ikabaki ncha ya bara tu, nayo ilikuwa chini kabisa, kwenye migomba ya jirani, pale vijito viwili vinapokutana kama bahari mbili. Siku hiyo kitinda mimba alivaa gauni lake la kanisani, akafunga ugali ndani ya jani la mgomba. Kumbe asubuhi alikuwa amepita kuwaalika watu. Mwalimu alikuja akitabasamu, anadhani ni mchezo. Nyanya aliteremka na magoti yake yale, hatua kwa hatua, naye hakutabasamu.

Jirani alikuwa akikata mikungu ya kupeleka soko la Keumbu. Yeye alikuwa Mkatoliki. Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi. Ulimi wake uliogopwa na kijiji kizima.

"Nyinyi Wasabato leo mmeleta mkutano shambani kwangu?" akasema. "Mkikanyaga miche yangu mtanihubiria vizuri."

Mtoto hakumsikia. Alikwenda mpaka ukingo wa maji, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akamgeukia ofisa. "Mama yuko wapi?"

Mdogo wangu alinitazama mimi. Uso wa mzee ulikuwa umemtoka. Alikuwa mtoto wa miaka kumi tu anayetaka kulia. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Tumekosea njia. Kuna kisiwa kimoja zaidi."

Jirani aliweka panga chini. Alichuchumaa, akafuta mikono kwenye kanga yake. "Njoo hapa, mama."

Mtoto akaenda.

"Mama yako hakusafiri. Alikufa. Tulimzika pale kando ya nyumba yenu, nami nilikuwepo, nilimwaga udongo kwa mkono huu. Lile si tuta la viazi."

"Atarudi kesho?"

"Harudi."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi, mwanangu."

Mtoto alikaa chini na gauni lake. Akafungua jani, akautazama ule ugali. "Sasa huu ataula nani?"

"Nipe mimi nusu," jirani akasema. "Nusu nyingine ule wewe, nikikuona."

Nao wakala, wote wawili, kwenye majani makavu ya migomba. Mwalimu alikuwa akitazama viatu vyake. Nyanya aliugeuzia uso mgomba.

Na mimi, badala ya kukaa chini nile pamoja nao, nilipiga kelele. Nilimwita jirani mchawi wa watoto. Nikamwambia hana moyo, na kwamba tangu siku ile asikanyage kwetu. Mtoto wa miaka kumi na minne, namfukuza mtu mzima nikiwa nimesimama ndani ya shamba lake mwenyewe. Mwanamke yule aliyejibu kila mtu aliokota panga lake, akarudi kwenye mikungu.

Kitinda mimba alilia siku tatu. Siku ya nne alikula sahani nzima, akanishika mkono, akataka nimwonyeshe kichwa cha mama kimelala upande gani.

Ukija leo hutaiona Afrika yetu. Mikaratusi ilikatwa ikawa nguzo za umeme. Bonde la mafunjo lilichimbwa mitaro, sasa ni majani ya ng'ombe. Chemchemi ina mfereji na kufuli. Nyanya amelala kando ya mama. Watoto wa siku hizi wakitaka kuona Misri wanafungua simu, na hakuna anayegongwa muhuri kiganjani.

Jirani yu hai. Alihamia kwa mwanawe Keumbu, anauza ndizi kando ya barabara, chini ya mwavuli uliotoboka. Nimeshasimama pale mara nyingi. Huniuliza habari za mtoto, huniongezea vidole viwili vya ndizi, nami husema asante, husema kwaheri, huondoka. Yote hayo nimeyasema ila lile moja. Miaka yote aliyobaki kuwa jirani yetu hakukanyaga kwetu; hata nyanya alipofariki, alikuja na mkungu wake wa matanga, akasimama nje ya ua, akautua pale chini. Nilimwona. Nilimwambia asikanyage kwetu, na mpaka leo sijamwambia aingie.