Mpira wa Baba Kutoka Toronto

Nilitumwa na mama. Baba alipofariki mwaka jana, kaka yangu Wekesa hakuja mazishini. Alikuwa Georgia, akicheza raga katika klabu iliyotwaa ubingwa wa nchi hiyo mara nyingi, na kwetu Webuye watu walisema mpira umemsahaulisha aliyemzaa. Tuliposikia klabu yake itacheza mechi ya kirafiki Toronto, anakoishi shangazi Nekesa, mama alinipa neno moja la kupeleka: "Muulize kwa nini hakuja. Umtazame usoni akijibu."

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na sijawahi kupanda ndege. Swali hilo nililiandika daftarini kwa namna tisa, za upole na za ukali. Nairobi, kwenye foleni, nilikagua pasipoti mara nyingi hata abiria wa nyuma yangu akauliza kama naogopa jina litabadilika.

Toronto, Ijumaa mchana. Shangazi, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, alinipokea akiwa bado na sare. Alipoona nimekuja na sweta tatu mwezi wa Juni, ambao kwao ni wa joto, alicheka mpaka akaegemea gari. Kwake Agincourt tulikula ugali na sukuma, nami sikulala, nikichagua kati ya namna ya nne na ya saba.

Jumamosi asubuhi tulielekea Richmond Hill. Nilisisitiza tuwahi, tukafika uwanjani kabla hata ya wachora mistari. Wageorgia walipoingia, nilimtafuta Wekesa kwenye benchi, maana ndiko tulikozoea kumwona katika picha. Hakuwepo. Alikuwa mbele, jezi namba tatu mgongoni.

Mzee wa Kigeorgia aliyeketi karibu nasi aliuliza ninamshangilia nani. Nilipomwonyesha, akanieleza kwamba kwao jezi hiyo haipewi mgeni hivi hivi. Wageorgia hujivunia skramu, pale wanane wanaposukumana na wanane, kuliko hata kufunga, na namba tatu ndiye anayebeba uzito. Skramu ya kwanza wenyeji walirudi nyuma kama kabati linalosukumwa sakafuni. Shangazi, asiyejua lolote kuhusu raga, alipanda juu ya kiti akamtaja baba yetu: "Sukuma, mtoto wa Barasa!" Nikalia, kisha nikaanza kuwaza kama nalia kwa sababu inayofaa.

Walishinda.

Saa kumi jioni, nje ya chumba cha kubadilishia nguo, nilifungua daftari. Hakuna namna hata moja iliyofaa. Nikasema tu, "Mama anauliza kwa nini hukuja."

Wekesa alikaa kwenye nyasi, barafu begani. Alisema baba alimpigia simu siku chache kabla ya kufa, mama akiwa sokoni. "Aliniambia, ukija kabla hawajakupa jezi ya kuanza, nitakufukuza palepale kaburini. Leo ndiyo wamenipa."

"Na mama mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, Nafula? Kwamba bado niko benchi?"

Nilimtazama usoni, kama nilivyotumwa. Hakukwepa.

Nahodha wao, pande la mtu lenye masikio yaliyovimba, aliuliza tunazungumza nini. Wekesa akamtafsiria. Nahodha aliingia ndani, akarudi na mpira wa mechi. Kijijini kwa bibi yake, alisema, pande mbili za kijiji hugombania mpira mzito, na washindi huuweka juu ya kaburi la mtu wanayemheshimu. Akaniwekea ule mpira mikononi. "Sisi tumeshinda. Peleka."

Safari ya kurudi, ofisa wa forodha Nairobi aliuliza mpira mchafu hivi ni wa nini. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu tangu angani. Nikasema, "Ni wa baba." Akanipisha.

Webuye, Jumatano. Majirani walikuwa wamejaa uani, na wale waliosema zaidi ndio waliotaka kuushika mpira kwanza. Niliwasimulia skramu mara tatu, kila mara wenyeji wakirudi nyuma zaidi. Nilichojifunza ni kidogo: kaka yangu hakuwa amesahau, alikuwa anatii.

Mama alisikiliza jibu mpaka mwisho. Kisha akauchukua mpira, akaenda nao kaburini, akauweka upande wa kichwa. Akaupigapiga taratibu, kama bega la mtu.

"Kumbe mlipanga bila mimi," akamwambia baba. "Haya. Amepewa."