Povu Kwenye Puto la Basi

Juzi pale stendi ya Babati niliona basi limelalia upande mmoja, fundi akimwagia maji ya sabuni puto la upepo linalolibeba juu ya ekseli. Harufu ya sabuni ile ya unga ikanirudisha kwa Baba.

Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, Baba, fundi wa stendi hiyo, alilala chali chini ya basi lililoinama vivyo hivyo. Mama alikaa kivulini, amejifunika khanga mbili, begi miguuni. Nyumbani Nangara niliambiwa tu kwamba anasafiri, nami nikaelewa kwamba anatuacha.

“Mwanangu, angalia upande huo nisiouona,” Baba alisema. “Povu likitoka, ndipo penye tundu.”

Lilitoka. Lilichemka kwenye mkunjo wa puto kama uji jikoni. Nikaliziba kwa kiganja.

“Vipi?”

“Hamna kitu, Baba.”

Kila alipomwaga maji, nilipaziba tena, mpaka jua likazama.

Basi liliondoka kesho yake, limesimama sawa. Huko hospitali walisema Mama angewahishwa japo kwa siku moja, angepona.

Baba hakushika spana tena. Mpaka tunamzika, aliamini mikono yake ndiyo iliyomchelewesha Mama.