Trekta Likiwa Njiani

Juzi, nikiwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Garissa, aliletwa mzee aliyepatwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala kama si wake. Picha ya kichwa ilionyesha damu iliyoganda na kuziba mshipa. Daktari akasema achomwe sindano ya kuiyeyusha mara moja, kisha apelekwe Nairobi kwa ndege, ikavutwe itakayobaki.

Mdogo wa mzee akakataa. "Kama Nairobi wako na mashine ya kuvuta, sindano ya nini? Tungoje ndege."

Mke wa mzee akamgeukia. "Walaal, ndugu yangu, lori yako ikikwama matope ya Balambala, unakaa tu kungoja trekta? Si unachimba kwanza?"

Shemeji akamwashiria daktari aendelee. Sindano ikachomwa.

Sisi wa huku tumezoea kungoja Nairobi kwa kila kitu, hata mimi nilikuwa upande wa shemeji. Ndege ilipofika, mzee akapitishwa mbele yetu kitandani. Mkono uleule ukainuka polepole, ukamshika mdogo wake kanzu.

"Trekta imekuja?" akauliza.

Kumbe alikuwa akisikia yote.