Namba za Kabureta ya Babu

Kama nawe ulilelewa na babu mwenye pikipiki, utanielewa haraka. Mwezi uliopita niliishusha ya babu yangu kutoka milimani, imepakiwa juu ya magunia ya tangawizi, nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye gereji pale Same mjini. Babu ameshatangulia, na pikipiki yake ilikuwa imelala stoo tangu nikiwa darasa la tano. Nilitaka tu niisikie ikiunguruma tena. Kijana aliizunguka mara mbili, akapiga mluzi.

"Dada, hiki chuma cha kitambo! Ila kabureta imeoza, haiponi hii. Tunafunga nyingine."

Akanieleza kwamba kabureta zinaweza kufanana kwa macho na zisiwe sawa. Ukifunga isiyo yake, pikipiki inabugia mafuta au inazima kwenye kila mlima, na huku kwetu ni milima mitupu. Kwa hiyo akaifungua, akaisugua ubavuni kwa mswaki na petroli mpaka namba zilizogongwa pale zikajitokeza. Kitabu cha pikipiki nilikuwa nacho, maana babu alikitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na Biblia yake. Nikawa nasoma herufi moja moja, naye anafuatisha kwa kidole. Zikalingana hadi ya mwisho.

"Orijino kabisa," akasema kwa furaha. "Hii haijawahi kubadilishwa."

Halafu akafungua bakuli lake la chini, lile la kukusanya mafuta. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka. Nilitafuta pa kukaa, nikakalia tairi bovu. Wewe ngoja nikusimulie, maana nimeona aibu kiasi kwamba siwezi kukaa nayo peke yangu.

Kijijini kwetu, juu huko upande wa Mamba, asubuhi ilikuwa ukungu, moshi wa kuni na sufuria ya makande ikitokota jikoni kwa bibi. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, watu wazima walikwenda kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na sisi watoto tulibaki mferejini kuosha tangawizi. Tuliiosha mpaka vidole vikawaka moto. Harufu yake haikutoka mikononi hata ulipokwenda shule, na mwalimu alikuwa akitutania kwamba darasa lake ni chai tupu.

Pikipiki ya babu ilikuwa ya pekee kijijini. Ilibeba wagonjwa, ilibeba mbolea, ilibeba divai ya kanisani, kwa kuwa babu alikuwa mzee wa kanisa. Mimi mjukuu wake wa kike nilipewa kazi ya kumimina petroli kutoka kwenye dumu, na nilijiona mtu mkubwa kweli. Kulikuwa na kopo maalumu la kazi hiyo, likining'inia jikoni. Babu alisema kila mara, "Kopo hilo tu, lingine hapana."

Aliyeitengeneza alikuwa jirani yetu. Tulimwita Fundi, basi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, na hakuna kilichomshinda, redio, cherehani, hata mashine ya kusaga. Aliwaruhusu watoto kuchungulia. Akifungua kabureta alikuwa akituambia, "Taratibu, hapa ndipo inapovuta pumzi."

Siku moja Fundi aliifungua ile ya babu, akaisafisha mpaka ikang'aa, akairudisha. Kesho yake babu akaniambia nijaze mafuta. Kopo liko jikoni, kupanda ngazi za mawe, nami nimechoka na tangawizi. Nikachukua kopo nililokuwa naoshea. Chini yake kulikuwa na maji ya matope. Niliyaona yakizama tangini pamoja na petroli, nikafunga kifuniko.

Babu alirudi jioni akiisukuma pikipiki, jasho linamtiririka. Aliinama, akaitazama kabureta inayong'aa, akasema, "Hii siyo yangu. Yangu ilikuwa nyeusi." Na kwa bahati mbaya, wiki ile ile pikipiki ya aina hiyo hiyo iliyokuwa imekufa huko Maore ikaanza kutembea. Watu wakaunganisha wenyewe: Fundi kaibadilisha, ya babu kaiuza kule. Babu hakumruhusu tena Fundi hata kuigusa. Wakati wa kula aliuliza mara moja tu, "Kuna mtu mwingine aliyeishika?" Nilijaza makande mdomoni, nikatikisa kichwa.

Fundi akatengwa na kanisa. Kama hujakulia kwetu, jua kwamba aliyetengwa hagusi meza ya Bwana, na akitaka kurudi kundini husimama mbele ya usharika wote na kutubu. Alikataa miaka miwili, kibanda kikapooza. Kisha binti yake akafikia kipaimara, na wakamwambia hawekewi mikono baba akiwa ametengwa. Jumapili moja Fundi alisimama mbele, amevaa koti la kuazima, akasema aliiba kabureta na anaomba msamaha. Mchungaji akampa mkono. Kwaya ya watoto ikaimba wimbo wa kumpokea, nami nilikuwa mstari wa mbele. Niliimba kwa sauti yote.

Yule kijana wa Same alipata kabureta yenye namba zile zile baada ya wiki mbili. Akapima mdomo wake, akalinganisha matundu ya bolti, akaifunga na mpira mpya. Pikipiki ikaunguruma vilevile. Sikuweza kuifurahia. Nilichukua ile ya zamani, nikapanda nayo milimani.

Kibanda cha Fundi sasa ni stoo ya tangawizi. Vijana wa bodaboda wanashusha pikipiki zao mjini kutengenezwa. Nilimkuta uani kwake, mzee, anapepeta maharage.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Jina hilo sijalisikia siku nyingi."

Nikamweleza yote bila kupumzika, nikamwekea kabureta mapajani. Alipapasa namba kwa dole gumba, kwa muda mrefu.

"Na siku ile kanisani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nikamwambia Jumapili nitasimama mbele ya watu wote, nilisafishe jina lake. Akaacha kupapasa.

"Usithubutu. Niliapa mbele ya Mungu kwamba niliiba. Ukisema sikuiba, basi nilimdanganya Mungu madhabahuni, na mwanangu akawekewa mikono juu ya uongo huo. Wizi watu wameshausahau. Uongo huo hawatausahau."

"Sasa nifanye nini, Fundi?"

"Nyamaza," akasema, akarudia ungo wake. "Si unajua kunyamaza?"

Ndiyo maana sijakutajia jina la mtu hata mmoja. Jumapili ile nilikaa benchi la mwisho. Wazee wa wakati wa babu karibu wote hawapo tena, na kwaya ya watoto siku hizi ina kinanda cha umeme. Ilipofika saa ya chakula cha Bwana, Fundi alipita kando yangu akijikongoja na mkongojo wake, akaenda kupiga magoti mbele. Benchi letu lote likasimama kumfuata. Mimi nikasogeza miguu ili wapite, nikabaki nimekaa.