Farasi Ana Jina

Mama yangu alitaka picha ya baba, na hakutaka nyingine yoyote ila ile ya maktaba. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa inakaribia. Kwetu Warundi, siku hiyo watu wote hurudi nyumbani kwa marehemu, na mezani lazima uso wake uwepo, ndani ya fremu, na maua pembeni. Sisi uso hatukuwa nao. Simu yenye picha za familia iliibwa mjini, na iliyobaki ilikuwa ile ya kibali cha ukimbizi, ndogo kama stempu. Nilimpelekea Mkongo mwenye duka la simu, jirani na saluni ninaposuka nywele, akaikuza. Loo! Baba akatokea kama mtu anayetafutwa na polisi. Mama aliitazama mara moja, akaigeuza kifudifudi.

"Baba yenu alipigwa picha kule mtaa wa Clairwood," akasema. "Mzungu mwenye kamera kubwa alimwambia itawekwa maktaba. Nenda ukaitafute."

Hadithi hiyo tuliijua. Baba aliisimulia kila walipokuja wageni, na sisi watoto tulikuwa tukipeana macho. Maktaba gani ihifadhi picha ya mpakia mizigo? Watu wa mji huu walipopishana naye barabarani walimwangalia kama nguzo ya taa. Lakini mama akishasema amesema. Nikafunga saluni mapema, nikaenda.

Mkutubi alikuwa msichana mpole mwenye kucha ndefu. Akanikalisha mbele ya kompyuta ya nyaraka za zamani. "Andika neno tu, Mama, itakuletea kila kitu."

Nikaandika jina la baba. Hamna. Nikaandika la ukoo peke yake. Hamna. "Jaribu mahali," akasema. Nikaandika Clairwood, kwa kuwa huko ndiko mgongo wa baba ulikoishia, kwenye malori.

Eish! Kweli ilileta kila kitu. Tangazo la mbwa aliyepotea. Arusi ya Wahindi, bibi arusi kanuna kama kalazimishwa. Barua ya wakulima wa mboga wakilalamikia mtaro. Timu ya mpira, wote masharubu. Namna ya kutengeneza achari ya ndimu. Watu wenye mabango wakipinga malori. Halafu farasi. Farasi, farasi, farasi, maana kabla ya maghala ya leo palikuwa na uwanja wa mbio zao. Nikamuuliza mkutubi ni mtu gani mwenye akili timamu aliyeweka achari na mtaro kapu moja. Akajibu kwamba zote zina neno lile. Jibu gani hilo! Kwa hesabu hiyo, hata vilivyomo kwenye mkoba wangu ni ndugu wa damu.

Na farasi hao walivyoheshimiwa! Farasi ana jina lake kamili, jina la baba yake, jina la mama yake, jina la tajiri wake, na rangi yake imesifiwa utadhani anatafutiwa mchumba. Mimi nimeishi mji huu miaka na miaka, na bado kila afisa dirishani ananiuliza wazazi wangu ni nani kana kwamba nimewaokota. Farasi hakuulizwa. Niliwachukia wote, na wengi wao walikwisha kufa zamani.

Nikafungua mmoja wa mwisho, kwa hasira tu. Farasi mwekundu, ameinamisha kichwa ndani ya ndoo. Aliyeshika ndoo alikuwa baba.

Siku za mashindano alikuwa akifanya kibarua cha kubeba maji, kabla hajapata kazi ya malori. Nilikuwa nimesahau kabisa. Pale anacheka, meno yote nje, shati limelowa hadi tumboni. Nililia palepale bila aibu, na mkutubi akaniletea karatasi za chooni. Chini ya picha waliandika jina la farasi, baba yake, mama yake, na kwamba anakunywa maji. Kuhusu mwenye ndoo, hata neno "mtu" hawakuona haja ya kuliandika.

"Huyu ni baba yangu," nikamwambia. "Naye ana jina. Liandikeni."

"Nitawaambia wakubwa, Mama."

"Waambie leo. Au farasi alijishikia ndoo mwenyewe?"

Mkongo wa simu aliipokea nakala niliyochapishiwa maktaba, akafurahi. "Yaya, dada yangu, hii iko muzuri sana! Farasi nitamutoa, nitabakisha mzee."

Nikamwambia amtoe, tena upesi. Mama, aliyekuwa amenifuata dukani, akamnyang'anya picha. "Hapana. Sasa atakuwa anacheka na nani, peke yake kama mwendawazimu? Mwacheni na mwenzake."

Basi siku ya matanga mezani kulikuwa na maua, baba, na farasi mzima. Watu wa kanisa walipita mmoja mmoja wakiinamisha vichwa mbele ya wote wawili. Shangazi mmoja aliuliza kama kumbe tulikuwa matajiri tukamficha.

Lile jina sikuliacha. Nilirudi maktaba mara kwa mara, hadi yule msichana akiniona mlangoni anajificha nyuma ya makabati. Kila mara wakubwa walikuwa bado wanaangalia. Wanaangalia nini, meno yake, kama farasi wa kuuzwa?

Wiki iliyopita nikaandika tena jina la baba. Safari hii jibu likaja, moja tu: farasi mwekundu anakunywa maji. Chini yake, baba wa farasi, mama wa farasi, na mwisho kabisa, baba yangu.

Bwana mmoja aliyeketi kwenye kompyuta ya pili alichungulia, akacheka. "Mashine hizi zimeharibika, dada. Unatafuta mtu, inakuletea farasi."

"Angalia aliyeshika ndoo," nikamwambia.